Kabla Ua Halijachanua: Wadudu Katika Vyumba vya Bangi

Anayelima bangi ndani ya jengo hulipia hali ya hewa kuliko kitu kingine chochote. Hununua joto la nyuzi 24 hadi 28, mwanga usiokatizwa na wingu, hewa isiyojua masika wala kipupwe, na hununua hayo mwaka mzima. Mdudu anayeishi kwa kunyonya majani angepewa nafasi ya kuchagua pa kukaa, angechagua papo hapo. Shambani mvua kubwa huwaangusha utitiri kutoka majanini, baridi huchelewesha mayai yao, na buibui, nyigu wadogo na mbawakawa wekundu wenye madoa huwala bila kuombwa na mtu. Ndani ya kuta hakuna hata mlinzi mmoja kati ya hao. Mdudu aliyeingia kwenye suruali ya kibarua, au chini ya jani la kipandikizi kilichonunuliwa kwingine, hukuta chakula tele na hakuna wa kumfukuza. Tena mimea yote chumbani imekatwa kutoka mmea mama mmoja, kwa hiyo kinachouweza mmoja kinaiweza yote.

Nazungumzia vyumba halali. Tanzania na Kenya zinakataza kilimo hiki, na makala haya hayamshauri mtu kuvunja sheria. Lakini Kanada iliruhusu bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Colorado, Marekani, ilifungua maduka yake tarehe 1 Januari 2014. Na barani Afrika Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, kisha Rwanda ikaweka kanuni zake mwaka 2021 kwa ajili ya mazao ya kuuza nje. Huko kote mkulima na mtaalamu wa mimea wamekutana na swali lile lile: utamwuaje mdudu juu ya ua ambalo mtu atalichoma moto na kuuvuta moshi wake hadi mapafuni, na wakati mwingine mtu huyo ni mgonjwa?

Baada ya kufuatilia mambo yaliyotokea katika nchi hizo, naamini kwamba vita hii huamuliwa kabla ua halijachanua. Mkulima aliyeingia katika wiki za maua akiwa bado na utitiri hana silaha nzuri iliyobaki. Kila njia atakayoshika itamharibia kitu: mavuno, afya ya mteja, au leseni yake. Ili kuona kwa nini nasema hivyo, tuanze na adui mwenyewe.

Adui mkubwa kuliko wote si mdudu kwa maana ya kisayansi. Utitiri mwenye madoa mawili, Tetranychus urticae, ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Wakulima wa nyanya wa Arusha na wa waridi wa Naivasha wanamjua vizuri, wengi wakimwita utitiri mwekundu pamoja na nduguze. Urefu wake ni nusu milimita hivi. Hukaa chini ya jani, hutoboa seli moja moja na kunyonya ukijani, na juu ya jani hubaki vidoa vidogo vyeupe kama unga uliomwagika. Mtu akianza kuona utando mwembamba umefunga ncha za mmea, ajue amechelewa wiki kadhaa.

Nguvu ya kiumbe huyu imo katika uzazi wake. Katika joto la nyuzi 27 hadi 30, yai huwa utitiri kamili kwa muda wa wiki moja hivi, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 katika maisha yake mafupi. Jike asiyepandwa hutaga mayai yanayotoa madume watupu; akiisha kukua, mwanawe mmoja anaweza kumpanda mama yake, na kuanzia hapo majike huzaliwa. Kwa hiyo jike mmoja peke yake anatosha kuanzisha ukoo mzima chumbani. Vizazi vinavyofuatana upesi hivyo huleta usugu upesi vilevile. Viambata zaidi ya 90 vya sumu vimeshathibitishwa kushindwa kumwua utitiri huyu mahali fulani duniani. Anayepulizia dawa ile ile kila Jumatatu huwaua walio dhaifu, kisha huwaachia wenye nguvu chumba kizima wazaliane.

Yupo utitiri wa pili ambaye mimi namwona wa hatari zaidi kwa sababu haonekani. Anaitwa Aculops cannabicola, na alielezwa kisayansi mara ya kwanza katika miaka ya 1960 huko Hungaria. Huyu ana miguu minne tu, umbo lake ni kama chembe ndogo ya mchele iliyopauka, na urefu wake ni sehemu ya tano ya milimita. Hafumi utando. Kingo za majani hujikunja kwenda juu, mmea hupoteza mng'ao, maua hudumaa na kuwa ya kahawia. Mkulima hudhani ni upungufu wa mbolea, anaongeza mbolea, na mmea unazidi kuharibika. Kioo cha kawaida cha kukuzia hakimsaidii sana. Inampasa atumie hadubini ndogo. Nimesoma maelezo mengi ya vyumba vilivyopotea kwa namna hii, na karibu yote yanafanana: mtu alitibu chakula cha mmea muda mrefu kabla ya kuchungulia chini ya jani.

Vidukari wana historia yao. Kidukari wa bangi, Phorodon cannabis, alikuwa akijulikana Ulaya na Asia, lakini Amerika Kaskazini alikuja kugunduliwa Colorado mnamo mwaka 2016, baada ya kilimo halali kupanuka. Chini ya udongo kuna mwingine, kidukari wa mizizi ya mpunga, Rhopalosiphum rufiabdominale, ambaye mtaalamu wa wadudu Whitney Cranshaw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alisaidia kuonyesha jinsi alivyoenea katika mimea ya bangi ya ndani. Huyu hunyonya mizizi, na watu huja kumtambua pale wenye mabawa wanapopanda juu na kunaswa na karatasi za njano zenye gundi. Hutokea pia thripsi, ambao hukwangua majani na kuacha mabaka ya fedha yenye nukta nyeusi za kinyesi, na vijinzi vyeusi vya udongoni vinavyozaliana palipomwagiliwa maji kupita kiasi. Hao vijinzi huwasumbua zaidi miche na vipandikizi. Kupunguza maji huwamaliza wengi kabla hata ya kutafuta dawa.

Sasa tufike kwenye sumu, maana ndipo biashara hii ilipojikwaa. Nchini Marekani kiuatilifu hakiruhusiwi kutumika kwenye zao ambalo halikutajwa katika lebo yake, na lebo hupitishwa na serikali kuu. Kwa kuwa serikali kuu iliendelea kuihesabu bangi kuwa haramu, hakukuwa na kampuni iliyoomba kuandikishiwa dawa kwa ajili yake, wala maabara ya serikali iliyopima nini hutokea dawa hiyo inapochomwa. Majimbo yakabaki na zao halali lisilo na dawa halali. Wakulima wengi walijaza pengo hilo kwa kile walichozoea kutumia kwenye mapambo na mboga.

Matokeo yalionekana mapema. Mwaka 2015 maofisa wa jiji la Denver walizuia makumi ya maelfu ya mimea baada ya kugundua dawa zisizoruhusiwa, na Novemba mwaka huo gavana wa Colorado, John Hickenlooper, alitoa amri iliyotangaza bangi yenye sumu hizo kuwa tishio kwa usalama wa umma. Kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 ilikuwa zamu ya Kanada: wazalishaji wenye leseni ya bangi ya tiba waliwataka wateja warudishe bidhaa zilizokutwa na myclobutanil, dawa ya ukungu, na baadhi zilikuwa pia na bifenazate, dawa ya utitiri. Waliouziwa walikuwa wagonjwa. Myclobutanil inaruhusiwa kwenye zabibu, na mtu aliyekula zabibu hizo tumbo na ini humsaidia. Lakini ikipashwa joto kali huweza kutoa gesi ya sianidi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aache hoja ya kwamba dawa inayofaa kwa chakula inafaa kwa kila kitu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Sullivan, Elzinga na Raber ulipima jambo lenyewe. Walichoma bangi yenye mabaki ya viuatilifu na kukusanya moshi wake. Katika kiko cha kioo kisicho na kichujio, hadi asilimia 69.5 ya mabaki ilipita na moshi. Nchi zikakaza sheria. Tangu tarehe 2 Januari 2019 Kanada inalazimisha bangi ipimwe viambata 96 vya viuatilifu. California inapima 66, na 21 kati ya hivyo havitakiwi kuonekana kabisa. Hata hivyo mwaka 2024 gazeti la Los Angeles Times, likishirikiana na chombo cha habari za bangi WeedWeek, lilinunua bidhaa madukani, likazipeleka maabara, na kukuta sumu katika bidhaa halali zilizokwisha kupita ukaguzi. Kipimo cha mwisho wa mnyororo hakiwezi kumlinda mlaji kama mwanzo wa mnyororo umeoza. Maafa yale yangepungua sana kama serikali zingetoa mapema orodha ya dawa salama na kuwafundisha wakulima njia nyingine, badala ya kuwaachia wabahatishe halafu ziwaadhibu.

Hapa husikika sana ushauri wa kutumia vitu vya asili, na sisi wa Afrika Mashariki tunajua viwili kwa karibu. Pareto imelimwa kwa vizazi katika nyanda za juu za Kenya na huko Mafinga mkoani Iringa. Mafuta ya mwarobaini yanauzwa kila mji. Vyote vinaua, na vyote vina nafasi yao wakati mmea ungali mchanga. Lakini asili si kinga ya mapafu. Sumu ya pareto inawekewa kikomo katika vipimo vya California, na makopo mengi ya pareto yanayouzwa huchanganywa na piperonyl butoxide, kiambata cha viwandani kinachoongeza makali, ambacho nacho hupimwa. Mafuta ya mwarobaini yakipuliziwa kwenye ua hubaki humo, na anayevuta atayavuta. Isitoshe, mafuta yoyote yakipuliziwa chini ya taa kali huunguza majani. Wazoefu hungoja taa zizimwe.

Nimesema wiki za maua ndizo ngumu. Ugumu wake unazidi suala la sumu. Ili bangi itoe maua, mkulima hupunguza mwanga hadi saa 12 kwa siku, na kwa wiki nane hadi kumi hivi hushusha unyevu hewani, mara nyingi hadi asilimia 40 au 50, kwa sababu maua mazito yakikaa katika unyevu mwingi huoza kwa ukungu wa kijivu. Hatua hiyo ni sahihi kwa ukungu na ni zawadi kwa utitiri, anayestawi pakavu. Papo hapo humwumiza adui wake bora, utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis, ambaye mayai yake huhitaji unyevu wa asilimia 60 au zaidi ili yaanguliwe vizuri. Juu ya hayo, ua la bangi limefunikwa na vinyweleo vyenye utomvu unaonata. Vinyweleo hivyo ndivyo vyenye thamani sokoni, na ndivyo vinavyowanasa wawindaji wadogo miguu wasiweze kutembea.

Lipo na jambo la mwanga lisilosemwa mara nyingi. Baadhi ya wadudu marafiki huhesabu urefu wa usiku. Kunguni mwindaji Orius insidiosus, anayesifiwa sana dhidi ya thripsi, na inzi mdogo Aphidoletes ambaye mabuu yake hula vidukari, hupata usingizi wa majira ya baridi usiku unaporefuka. Katika chumba chenye giza la saa 12 wanaamini kipupwe kimefika, na uzazi unasimama. Mkulima aliyewanunua kwa bei kubwa na kuwaachilia katika wiki ya tatu ya maua amepoteza fedha zake, si kwa sababu wadudu wale ni wabaya bali kwa sababu waliitwa saa isiyo yao.

Elimu ya kutumia wadudu dhidi ya wadudu katika vitalu vilivyofunikwa ni ya zamani kuliko bangi halali. Mwaka 1926 huko Cheshunt, Uingereza, Edward Speyer alianza kuchunguza nyigu mdogo Encarsia formosa aliyekuwa akiua inzi weupe kwenye nyanya. Utitiri mwindaji Phytoseiulus alionekana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa amesafiri na maua ya okidi kutoka Chile. Mwaka 1967 mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, alimgeukia kiumbe huyo baada ya kuona dawa hazimfai tena, na kutoka shamba lake ikazaliwa kampuni inayouza wadudu marafiki duniani kote. Naivasha nayo ina sehemu yake: kampuni ya Dudutech iliyopo huko inazalisha utitiri wawindaji, kwa sababu waridi linalokwenda Ulaya hubanwa na wanunuzi kuhusu mabaki ya sumu. Na kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kimefanya kazi kubwa ya kuchagua kuvu wanaoua wadudu, wakiwemo wa jenasi ya Metarhizium. Mkulima wa bangi wa Ontario, Kanada, na mkulima wa waridi wa Naivasha wanatumia elimu moja, ingawa hawajawahi kuonana.

Kinachowatofautisha ni muda. Waridi hukaa shambani miaka kadhaa, na vita vya utitiri na mwindaji wake vinaweza kupanda na kushuka humo bila kuharibu biashara. Bangi ya ndani humaliza safari yake kwa miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo wawindaji lazima watangulie adui. Wanaofanikiwa huwaachilia tangu siku za vipandikizi, kabla hawajaona hata doa moja. Huanza na jamii zenye uvumilivu, zinazoweza kuishi kwa chavua au mawindo mengine: Neoseiulus californicus, anayestahimili joto na ukavu, na Amblyseius swirskii au cucumeris kwa ajili ya thripsi wachanga. Hawa huletwa katika vifuko vya karatasi vinavyotundikwa tawini, na hutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Phytoseiulus huachwa kwa ajili ya mahali palipokwisha kuonekana utitiri, kwani hula utitiri tu, hadi mayai 20 hivi kwa siku, na wakiisha naye hufa. Udongoni huwekwa Stratiolaelaps scimitus, utitiri mwindaji mwenye rangi ya hudhurungi, pamoja na nematodi wa jamii ya Steinernema feltiae wanaoingia ndani ya mabuu ya vijinzi na kuyaua.

Kuvu wauaji kama Beauveria bassiana, aliyetambuliwa na Agostino Bassi nchini Italia mwaka 1835, wana kazi nzuri katika hatua hiyo ya mwanzo, hasa dhidi ya vidukari na thripsi. Lakini nao wana mpaka wao. Mbegu za kuvu zilizopuliziwa kwenye maua huhesabiwa na maabara kama ukungu mwingine wowote, na shehena nzima inaweza kukataliwa kwa sababu ya dawa iliyokuwa salama. Nao mbawakawa wekundu wenye madoa, wanaopendwa na wanaoanza kwa sababu wanaonekana kwa macho, wengi huokotwa porini California, na wakiachiliwa chumbani huruka kuelekea taa na kufia huko. Sishauri mtu awatumie ndani.

Wadudu marafiki hawawezi kuokoa chumba ambacho mlango wake hauna nidhamu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimya kimya. Njia kuu ya wadudu kuingia ni kipandikizi kutoka kwingine. Kwa wakulima wa maua ya mapambo ni kawaida kuvichovya vipandikizi vipya katika sabuni ya kuulia wadudu, mafuta mepesi au mchanganyiko wa kuvu kabla ya kuvipanda. Mmea mdogo huloweka kote kwa sekunde chache, jambo lisilowezekana kwa mmea uliofika kifuani. Baada ya hapo vipandikizi hukaa peke yavyo wiki mbili au zaidi, vikikaguliwa. Bangi inahitaji utaratibu huo huo, na mkaguzi awe mtu mmoja anayejulikana, mwenye kioo cha kukuzia, daftari na mamlaka ya kusema hapana. Karatasi za njano zenye gundi zitamwonyesha wanaoruka. Utitiri haruki, hivyo hakuna karatasi itakayompa taarifa zake. Lazima majani yageuzwe, kila wiki, kuanzia yale ya chini na yale yaliyo karibu na mlango na feni, ambako joto na ukavu huzidi.

Iwapo pamoja na yote hayo utitiri ameonekana katika wiki ya pili ya maua, bado kuna la kufanya: kung'oa mmea ulioathirika ndani ya mfuko uliofungwa, kupunguza majani ya chini, kuongeza wawindaji wengi kwa mkupuo kwenye majirani zake. Akionekana katika wiki ya saba ametapakaa, uamuzi wa heshima ni kuvuna mapema sehemu safi na kuharibu iliyobaki. Utitiri walio kwenye maua yaliyokatwa hupanda hadi ncha na kufuma utando humo yanapokaushwa, na hakuna kipimo cha sumu kitakachomwonyesha mteja hilo.

Kisha chumba kibaki kitupu. Wenye mtaji hulalamikia siku hizo, kwa kuwa kodi inakwenda na taa zimezimwa, na mara nyingi mimea mipya huingizwa jioni ya siku ile ile ya mavuno. Hapo ndipo kizazi cha wadudu kinaporithishwa. Baadhi ya majike wa utitiri, giza linaporefuka na ubaridi ukiingia, hubadilika kuwa wa rangi ya chungwa, huacha kula, na kujificha katika nyufa za ukuta, chini ya meza, kwenye mirija ya maji. Sabuni ya kupitisha juu juu haiwafikii. Inapasa kila jani lililoanguka liondolewe, udongo wa zamani utoke nje ya jengo, mirija ivuliwe na kuoshwa, nyufa zizibwe. Na chumba cha mimea mama, ambamo ukoo wote hutoka, kiwe na mlango wake, nguo zake na mikasi yake, na kihudumiwe asubuhi kabla mtu hajakanyaga chumba kingine chochote.